Msiba Wake Mwenyewe

Simu ya dawati la Watu, dawati la matangazo ya vifo, ililia kabla Guk Hye-ran hajavua koti. Alipoipokea alisikia sauti ya mwanamume, ya upole kama ya mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

"Hapo ni Shirika la Habari la Maru? Mimi ni marehemu Seonu Jin-cheol."

Hye-ran alikaa chini, koti likining'inia bega moja. Mtu huyo hakuwahi kumwona maishani, lakini jana jioni alikuwa amemuua.

Kosa lenyewe lilikuwa la neno moja, na lingechekesha kama lingempata mtu mwingine. Tangazo la kifo huku Seoul halianzi na aliyekufa. Linaanza na aliye hai: jina la mwana au la mkwe, kazi yake, halafu ndipo unaambiwa msiba ni wa nani, wa mama yake, wa baba yake, wa mkwewe. Marehemu anaweza asitajwe kabisa, maana watakaokuja kuhani ni marafiki wa mwana, na mzee hata hawamjui. Ila kuna neno moja la balaa, linalotumika pale aliyetajwa ndiye aliyelala ndani ya jeneza: msiba wake mwenyewe. Katika Kikorea neno hilo na lile la msiba wa baba mkwe huanza kwa herufi moja. Hye-ran, ambaye ameandika matangazo hayo tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi, alikuwa na njia yake ya mkato. Anabofya herufi, kompyuta inamletea maneno, anachagua. Jana jioni matangazo yalikuwa mengi, simu inalia, tumbo linanguruma. Akachagua siko.

"Seonu Jin-cheol, mwalimu mkuu, Suncheon. Msiba wake mwenyewe."

Aliliona mara tu lilipotoka. Uso ulimwaka, akatuma amri ya kusahihisha, na magazeti yote yanayolipia habari za Maru yakalibadilisha kabla kahawa yake haijapoa. Akaenda kulala akijiambia yamekwisha.

"Mwalimu," alisema sasa, amesimama tena na anaiinamia simu utadhani inamwona, "nakuomba radhi. Nimekukosea sana. Kosa ni langu, na tulishalirekebisha jana ileile."

"Nyinyi mmerekebisha. Nambaram hawajarekebisha."

"Nambaram ni nani?"

"Gazeti la mtandaoni la huku kwetu Suncheon. Humo mpaka sasa nimekufa. Niko ukumbi wa mazishi, nimesimama na jeneza la baba mkwe wangu, na mashada yanaletwa yana jina langu. Nayapokea mwenyewe, natia saini. Mwanafunzi wangu wa zamani kaingia analia, kanikuta mlangoni, miguu ikamwishia palepale."

Hye-ran hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hiyo hakucheka.

"Mashada si kitu," yule bwana aliendelea, na sasa upole ukaanza kupasuka. "Nina mama. Yuko hospitali ya wazee hapahapa mjini. Mwenzake wa kitanda cha jirani humsomea Nambaram kila siku wakishakula chakula cha mchana. Na huanza na vifo, dada. Vifo kwanza, hali ya hewa baadaye."

"Mpigie simu, Mwalimu! Asikie sauti yako!"

Nyuma ya mwalimu watu walikuwa wakigonganisha bakuli za mchuzi.

"Hataiamini. Kaka yangu mkubwa alipofariki tuliuogopa moyo wake. Mwezi mzima mama alipigiwa simu na kaka, anamjulia hali, anamwambia ana kazi nyingi. Kaka mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Aliyekuwa anaongea ni mimi, naiga sauti. Tangu ukweli ujulikane, simu kwake ni mdomo wa mwongo."

"Basi nenda akuone."

"Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwenye msiba ni mimi, siwezi kuliacha jeneza mpaka tuzike kesho. Halafu mtu wa msiba haingii kwa mgonjwa na nguo hizi, ni mkosi. Na mama tumemficha hata hiki kifo cha mkwe, tumemwambia mzee ana mafua. Nimewapigia wauguzi, wanasema hawawezi kumnyang'anya mgonjwa simu yake. Sikupigii kukugombeza, dada. Nakuomba uliondoe kabla ya mchana. Basi."

Hye-ran aliahidi. Mtu akiwa na hatia huahidi upesi.

Aliufungua ukurasa wa Nambaram, na tangazo lake lilikuwa pale herufi kwa herufi, mpaka ile nafasi moja aliyoiacha vibaya kabla ya nukta. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Kila habari ya Maru huishia na sentensi ileile, ambayo watoto wa shule huitania wanaponakiliana majibu ya hesabu: Maru, ni marufuku kuchapisha wala kusambaza bila idhini. Nambaram walikuwa wameifuta, kisha wakaandika ya kwao: Nambaram, ni marufuku kuchapisha wala kusambaza bila idhini. Mwizi kaiba mlango, kisha kaufunga kwa kufuli yake mwenyewe. Hye-ran alipiga namba iliyoandikwa chini ya ukurasa, akaimbiwa wimbo wa matangazo mpaka mwisho, akapiga tena, akaimbiwa tena.

Mkuu wa dawati, Yeom Bok-gyu, alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya tai. Alimsikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mbaya, ni mtu mwoga tu.

"Wateja wetu tumewarekebishia," alisema. "Mwizi akiiba nyama mbichi akaumwa tumbo, mpishi anahusikaje?"

"Anayeumwa tumbo si mwizi, Mkuu. Ni bibi wa watu."

"Hye-ran. Sasa hivi kosa liko kwao. Ukilishika linarudi kwetu, na likirudi kwetu litatafuta kichwa cha kukalia. Unadhani litakalia changu? Kaa ufanye kazi."

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena, akaandika msiba wa mama wa mtu wa benki, akausoma mara nyingi kuliko mtu anavyosoma barua ya posa. Akapanda ghorofani kwa wakili.

Wakili Je Yun-a, kijana wa viatu vya raba na maneno machache, ndiye aliyekuwa akipambana na wanaonakili habari za Maru. Makabati yake yalikuwa yamejaa wezi. Hye-ran alimweleza akiwa amesimama.

"Wanakili wote nitawaburuza mahakamani, dada," alisema wakili, "lakini si kwa hili. Sheria inalinda jinsi ulivyoandika, hailindi tukio. Fulani kafa, msiba uko hospitali fulani, maziko kesho. Hiyo ni habari tupu, na habari tupu haina mwenyewe."

"Na yale maneno tunayobandika chini kila siku?"

"Kwenye tangazo la kifo? Ni kibao cha 'mbwa mkali' kwenye nyumba isiyo na mbwa."

"Na baraza la usuluhishi wa magazeti?"

"Lipo. Utajaza maombi, wataitwa, watakuja au hawatakuja. Itachukua wiki kadhaa."

"Mimi nina mpaka mchana."

Wakili alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Hye-ran kuliko hasira ya mtu yeyote. Alirudi chini akamwambia Yeom anakwenda chooni. Hakudanganya sana, kwa sababu mbele ya choo alipita, ila hakusimama mpaka stesheni ya Yongsan.

Ndani ya treni ya kusini hakutulia hata dakika moja. Alinunua wali wa kuviringisha akausahau magotini. Kila mara aliufungua ukurasa wa Nambaram, akiomba Mungu tangazo liwe limetoweka lenyewe, na kila mara mwalimu Seonu alikuwa bado maiti. Mzee aliyekaa kando yake alimuuliza kama amefiwa. "Nimefisha," alijibu, na mzee akahamia kiti kingine.

Wazo lilimjia mashamba ya mpunga yalipoanza. Alilitazama kwa upande, kama unavyomtazama mtu unayehisi unamfahamu, halafu akampigia wakili.

"Yun-a, ulisema habari tupu haina mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na kama haikutokea?"

"Kivipi?"

"Seonu hajafa. Nilichoandika si tukio, maana hakuna kilichotukia. Sasa kile ni nini?"

Upande wa pili wakili alianza kucheka, kisha akaacha.

"Dada, wezi wanajitetea kila siku kwamba walichoiba ni ukweli. Sijawahi kuona mtu anakuja kudai haki ya kosa lake. Ungelazimika kusimama mbele za watu ukiri kwamba umelitunga."

"Nimelitunga."

"Hakimu angekutoa nje kwa kicheko. Neno moja tu si utunzi. Na hata lingekuwa utunzi, ungekuwa umelitunga kazini, kwa hiyo haki ni ya shirika. Wewe kilicho chako hapo ni aibu peke yake."

"Basi nitakwenda na hiyo aibu," alisema Hye-ran, akakata simu.

Ofisi ya Nambaram ilikuwa juu ya duka la tambi za kukatwa kwa kisu, ngazi zote zinanukia mchuzi wa chaza. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamume wa makamo aliyevaa kandambili na sweta la vifungo alikuwa anamwagilia maua, na nyuma yake kompyuta ilikuwa inafanya kazi peke yake. Habari zilikuwa zinaingia upande mmoja zina jina la Maru na zinatokea upande wa pili hazina. Huyo ndiye Ma Dong-pil, mmiliki, mhariri, mwandishi na mfagizi wa Nambaram.

"Karibu, dada! Tangazo la duka au la harusi?"

"La kifo. Mmeweka kifo cha Seonu Jin-cheol. Naomba mkitoe sasa hivi."

"Wewe ni jamaa yake?"

"Mimi ni Maru."

Ma aliweka kopo la maji chini. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyekuwa akiusubiri mchezo huu kwa hamu, akaonyesha ukutani. Pale palipotakiwa kuwa na picha ya familia, palikuwa na ibara ya sheria, imeandikwa kwa maandishi makubwa na kutiwa fremu ya dhahabu.

"Soma, dada. 'Taarifa zinazoeleza tukio tupu hazilindwi.' Nimeuza gari kumlipa wakili anieleze hilo. Mtu akifa, hakimiliki ya kifo ni ya nani? Ya Maru? Ya Mungu labda! Wazee wa huku wanataka kujua nani kafa, nyinyi huko Seoul mmefungia vifo ndani ya kabati mnaviuza kwa kilo. Mimi nawagawia bure."

"Na hii hapa chini? 'Nambaram, ni marufuku kuchapisha'?"

"Ah, hiyo mashine inaweka yenyewe."

"Bwana Ma, Seonu yuko hai."

Kwa mara ya kwanza tabasamu liliteleza kidogo.

"Yuko hai, yuko ukumbi wa mazishi anapokea mashada yake mwenyewe. Soma ibara yako tena. Inasema tukio. Sasa tukio liko wapi? Hakuna aliyekufa isipokuwa mkwe. Ulichobeba wewe si habari. Ni uongo, na uongo hauokotwi njiani, una mtunzi wake. Mtunzi ni mimi, Guk Hye-ran. Niliutunga kwa kidole hiki. Nirudishie."

Ma alimtazama yeye, akatazama fremu, akamtazama tena yeye. Midomo ilimcheza.

"Unataka kunishtaki nimekuibia uongo wako?"

"Naudai. Ni wangu."

"Huyu mama ana wazimu," Ma aliiambia kompyuta. Lakini Hye-ran alimwona anavyomeza mate. Mtu aliyeuza gari lake kwa ajili ya kesi moja, neno kesi halimpiti hivihivi. Ma aliketi, akakuna shingo. "Sikiliza. Nikifuta kimyakimya, huyo mwalimu atasema mimi ndiye niliyemuua, atanifilisi. Nataka ijulikane ni kosa la nani. Hayo uliyosema, nitayaweka hewani. Kwa jina lako."

Hye-ran alijua maana yake. Matangazo ya vifo hayana jina la mwandishi. Miaka yote hiyo dawatini alikuwa ameandika misiba ya mawaziri na ya wauza samaki, na jina lake halijawahi kukaa juu ya habari hata moja. Mama yake mwenyewe, mpaka anaingia kaburini, alidhani binti yake ni mpokea simu. Sasa jina lingekaa juu, na Yeom angelisoma, na kichwa alichosema kosa litakitafuta kingekuwa kimejileta chenyewe na kuinama. Aliogopa. Hakuna haja ya kumpamba, aliogopa kweli. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakaribia mchana.

"Andika," alisema.

Akamtajia, Ma akachapa kwa vidole viwili. Kwamba tangazo la kifo cha mwalimu Seonu Jin-cheol halina ukweli. Kwamba lilitungwa kwa kosa na Guk Hye-ran wa Maru, na si mtu mwingine. Kwamba mwalimu yu mzima, anamzika mkwewe, na anayetaka kuhani amhani kwa hilo. Ma alilifuta lile la kwanza, akalirusha hili, na chini yake mashine ikabandika sentensi yake kama kawaida.

"Hiyo ya chini itoe," alisema Hye-ran.

"Ipi?"

"'Ni marufuku kuchapisha wala kusambaza.' Itoe. Hii wainakili wote."

Ma aliitoa. Hye-ran alipokuwa anashuka ngazi alimsikia Ma akiita kutoka juu, "Dada! Hujala! Tambi za hapo chini ni nzuri!" Hye-ran alitaka kumtukana, akajikuta anacheka peke yake barabarani, machozi yanamtoka, na watu wanampisha.

Angeweza kurudi Seoul. Mchana ulikuwa haujafika, tangazo limetoka, ahadi imetimia. Lakini miguu haikukubali, akasimamisha teksi akataja hospitali ya wazee, ahakikishe tu kwa macho yake.

Mlangoni muuguzi alikuwa amebeba mafurushi ya taulo. Chumba chote kilikuwa na harufu ya sabuni.

"Leo ni siku ya kuoga," alisema muuguzi alipoulizwa kama mama yake mwalimu Seonu ameshasomewa gazeti. "Ratiba imepinduka yote. Bibi Bong kawasomea wenzake asubuhi, mara tu baada ya uji."

Hye-ran aliegemea ukuta.

Bibi Bong alikuwa kwenye kitanda cha kwanza, mnene, mchangamfu, simu iko puani kwake. "Ingia, mwanangu, ingia! Wewe ni mjukuu wa nani?" Kwenye kitanda cha pili alikaa bibi mdogo wa mwili, wima, nywele zake mbichi zimechanwa vizuri, ameelekea dirishani. "Huyo ni Mama wa Beolgyo," alisema Bibi Bong. "Leo hasemi. Tangu asubuhi hajala. Nadhani maji yalikuwa ya baridi."

Ndipo Hye-ran alipoelewa. Mama wa Beolgyo: ndivyo alivyoitwa, kwa mji aliotoka siku alipoolewa, na ndivyo alivyoitwa maisha yake yote. Wagonjwa wenzake hawakujua jina la mwanawe. Bibi Bong alikuwa amesoma, kwa sauti kubwa na ulimi mtamu, kwamba Seonu Jin-cheol amefariki, bila kujua anamsomea nani.

"Na alisema nini uliposoma vifo?" Hye-ran aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alisema, 'Endelea, soma hali ya hewa.' Nikasoma. Kesho mvua."

Hye-ran alipiga magoti kando ya kitanda cha pili, paji la uso karibu liguse sakafu, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba yeye ndiye aliyeandika, kwamba ni kosa, kwamba mwalimu ni mzima, kwamba hata Nambaram sasa wameandika hivyo. Bibi Bong alifungua simu akapiga yowe, "Kweli! Ipo hapa! Jamani, kumbe ni mwanao?" Akasoma sahihisho mpaka mwisho. Mama wa Beolgyo aliwasikiliza wote wawili kwa adabu.

"Nakushukuru, mwanangu," alisema. "Wamekutuma kutoka mbali?"

"Sikutumwa, Mama."

"Wananipenda, najua. Mwanangu mkubwa alipokufa walinipigia simu mwezi mzima. Jin-cheol alikuwa anaiga sauti ya kaka yake. Walidhani sijui." Alikuwa bado anatazama dirishani. "Nilijua siku ya kwanza. Mama gani asiyejua sauti za wanawe? Nikamwacha aendelee, maana nilimsikia anavyopumua. Alikuwa anajiliwaza mwenyewe. Kwa hiyo nami nikawa namwambia, 'Haya, baba, ule vizuri, usichoke.'" Mikono yake ilikunja ncha ya shuka, ikaikunjua. "Sasa na yeye kaondoka. Nani amebaki wa kuniigia?"

Hye-ran alikuwa mtu aliyeishi kwa maneno, na hakuna hata moja lililosalia ambalo mwanamke huyu angeweza kuliamini. Alitoka hadi kwenye korido, akampigia mwalimu simu.

"Mwalimu, amesomewa. Njoo."

"Mungu wangu. Umemwambia kwamba—"

"Nimemwambia, haamini. Anadhani mmenituma. Njoo mwenyewe."

"Nimesimama na jeneza, dada. Na hizi nguo..."

"Njoo na hizohizo nguo!" Hye-ran alipaza sauti mpaka muuguzi akageuka. Upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke, ya uchovu, labda mkewe: "Nenda, Jin-cheol. Baba hana haraka tena. Nitasimama mimi."

Alikuja mbio kutoka kwenye teksi hadi chumbani, mwanamume wa miwani, suti nyeusi, utepe wa katani wenye mistari ya mwenye msiba umefungwa mkononi. Kizingitini alisita, kwa ajili ya ule mkosi. Kisha akaingia.

"Mama."

Mama wa Beolgyo aligeuka. Hakulia wala hakuinua mikono. Alimtazama muda mrefu, kwa mashaka, kama anavyotazamwa mtu anayedai kuwa jamaa. Halafu alinyoosha kidole, hakumgusa usoni. Aligusa ule utepe.

"Hii umemvalia nani?"

Mwalimu alimtupia muuguzi jicho, akamtupia Hye-ran, jicho la mtoto anayetafuta uongo wa haraka. Hye-ran alitikisa kichwa.

"Nani, Jin-cheol?"

"Mzee wa Gurye, Mama. Baba yake mke wangu. Amefariki juzi."

"Mlisema ana mafua."

"Tulikudanganya, Mama. Tuliogopa."

Hapo ndipo alipomshika uso. Aliushika kwa mikono yote miwili, akautikisa, akaupiga kofi dogo, akaukumbatia kifuani, na sauti iliyomtoka ilimfanya hata Bibi Bong azime simu yake. Mwalimu Seonu alilia juu ya shuka safi kama mwanafunzi wake. Hye-ran alibaki amesimama kando ya mlango, hajui aende au akae, simu yake inatetemeka mkononi, jina la Yeom linawaka na kuzimika.

Baada ya muda yule mama alimwona tena.

"Na huyu? Kwa hiyo ni kweli ndiye aliyeandika?"

"Ndiyo, Mama," alisema Hye-ran. "Niliandika mimi. Ni wangu ule uongo."

Mama wa Beolgyo alimpima kutoka kichwani hadi miguuni, mkono mmoja ungali umeshika sikio la mwanawe.

"Basi uchukue uende nao, mwanangu. Humu ndani tuna wa kwetu, na unatutosha."

Hye-ran aliinama mpaka chini, akauchukua, akatoka. Kwenye korido aliipokea simu ya Yeom na kulitaja jina lake mwenyewe, kamili, lilelile lililokuwa kwenye sahihisho.